Kengele ya Kinga ya Ézéchiel

Kamina, 12 Februari 1995

Phébé, mwana wangu unabeba jina ya mama yangu,

Barua yako Yav alinipa ku gare saa ile train ilisimama. Kofia yake ya chef de train imechakaa, lakini hasahau minyi, bibi ya rafiki yake, babako. Sabuni mbili pia zimefika. Nilizinusa mbele ya kusoma, unisamehe. Kusoma nilisoma minyi mwenyewe, na kidole, tangu nilikula bukari ya midi mpaka jua ikaanguka. Bamama ba Kipendano balitufundisha herufi ku kanisa, lakini mbio habakutufundisha.

Basi bamekupandisha. Secrétaire administrative ya fédération muzima, na meza, na machine ya kuandika, na jina yako ku mulango. Ninafurahi. Hapana, niseme kweli, juu Mungu naye anasoma barua: ninaogopa. Train ikichelewa, banatukana train. Parti ikianguka, banatafuta muntu. Na ule alikuwa anaandika majina ya bengine njo bataanza naye.

Babako, Mungu amuweke pazuri, alikuwa anakuchekelea hapa ku mulango: "Madame la Ministre, ukimaliza kutawala inchi ukuye uoshe sahani!" Unakumbuka? Hakupenda hata kidogo ile parti yenu na kinga yao banachora ku bilamba na ku kofia. Alikuwa anapiga kengele ya kinga yake, ngri ngri, anasema: "Minyi niko na kinga ya chuma, ya mipira mbili, ya kukanyaga na miguu. Ya kuchora bakuachie weye." Sasa hayuko, ninabakia minyi kusema maneno yake.

Ile kinga iko. Ninaipangusa kila Siku ya posho, ili Siku ya Mungu ikiingia ikute inang'aa. Hakuna muntu anaipanda.

Malle yako ya bati, ile sanduku kubwa, pia iko mu kona. Nimeifunika na kilamba, juu nimeweka mutungi ya munkoyo yangu ya kunywa, sababu pale njo baridi. Mu ndani kuko nini? Ni nzito sawa muntu.

Kula vizuri. Usikawie ku bureau na banaume.

Minyi mama yako,
Sephora wa Ézéchiel

*

Lubumbashi, 3 Machi 1995

Mama mpendwa,

Usiogope. Kazi yangu ni karatasi. Wanaume wanapanda jukwaani na kupiga kelele. Mimi ninajua nani amealikwa, barua ya nani haijajibiwa, na kiti gani kina mguu uliovunjika ili nisimkalishe mgeni. Juzi président wetu alisimama mbele ya watu akasahau jina la kijiji alichokuwa anakisalimia. Akageuka akaniangalia. Nikamnong'oneza. Watu wakapiga makofi kwa ajili yake, na mimi nyuma nilifurahi zaidi yake.

Ndani ya malle ni mabuku ya wanachama wa Kamina, tangu 1991, wakati nilipokuwa secrétaire wa section pale nyumbani. Majina, avenue, saini. Huku bureau inavuja, kwako ni salama. Usifungue, usimpe mtu, hata akija na cravate shingoni. Munkoyo juu yake ni sawa kabisa.

Baba alichekelea mengi, Mama. Si yote aliyoyacheka aliyachukia.

Binti yako,
Phébé

*

Kamina, 22 Juni 1997

Mwana wangu,

Radio ya Riziki imesema parti zote zisimame. Hakuna mukutano, hakuna kofia, hakuna bendera. Riziki, jirani yetu wa kuuza bilamba, unamujua ule hajue kutembea polepole. Alikuya mbio na kilemba yake ya Kimaniema imefunguka: "Mama Phébé! Mutoto wako amefukuzwa kazi na inchi muzima!"

Nikasema asante Mungu. Nikapika sombe na samaki. Usikasirike na minyi. Miaka yote hii nikisikia motokari inasimama ku avenue, ninaacha chungu ku moto ninakimbilia mulango, ninawaza banaleta habari yako. Sasa nitalala.

Rudia. Ku école ya kanisa banatafuta muntu wa kuandika ku machine. Chumba yako iko. Makumi tatu umeishazipita, bureau hauna, bwana hauna. Ninasema tu.

Mama yako,
Sephora wa Ézéchiel

*

Lubumbashi, 10 Agosti 1997

Mama mpendwa,

Sitarudi sasa. Mlango wangu una kufuli la watu wengine, lakini wanachama wanakuja kwangu nyumbani. Mmoja amefiwa na hajui nani wa kumwambia. Mwingine anataka anuani ya rafiki aliyekuwa naye ku section ya Malemba-Nkulu. Parti inaweza kulala, lakini lazima mtu mmoja akumbuke nani ni nani. Hiyo ndiyo kazi yangu, hata bila meza. Mchana ninaandika ku machine katika duka la dawa. Majina ya dawa ni magumu kuliko ya watu.

Juu ya bwana: ninasoma tu.

Phébé

*

Lubumbashi, 17 Septemba 1998

Mama,

Natumaini vita haijawasogelea. Huku treni zinabeba askari kuliko magunia.

Nina ombi moja, na usilicheleweshe. Ni juu ya ile kinga ya nyumbani. Huu si wakati wa mtu kukutwa na kinga kwake. Waliokutwa nayo huku wanajuta. Uimalize, Mama. Uichome, uivunje, uitupe, sitakuuliza namna gani. Isibaki hata kipande kimoja ndani ya lupango, uani wala nyumbani. Najua mkono wa Baba umo ndani yake, na najua itakuuma. Lakini fanya, ni kwa ajili ya usalama wa watu wengi.

Usiniandikie mengi. Niandikie tu: imekwisha.

Phébé

*

Kamina, 4 Oktoba 1998

Phébé,

Imekwisha.

Ulisema niandike neno ile moja tu. Lakini muntu akifanya kazi kama ile aliniagiza mwana wangu, na anyamaze, ataugua. Univumilie.

Kwanza enveloppe yako. Colle ya kubandika imekosa Lubumbashi? Ilikuwa imefungwa na bukari ya ku sahani! Kipande kilikaukia ku timbre. Secrétaire muzima wa fédération, kufunga barua na bukari sawa mutoto wa masomo! Nitakutumia colle ya kanisa.

Sasa kinga. Nilielewa mbio, hata kama Swahili yako ya bureau inanipigisha kona. Huku pia banasema muntu mwenye kinga, askari banamukamata abebe mizigo mpaka Kabongo, ao banasema anapelekea adui habari. Nikasema mutoto wangu ana akili, anaona mbali. Lakini usiku ule sikulala. Ile kinga alipewa ku miaka makumi mbili ya train, na karatasi, na bakubwa ba kazi bakimupigia mikono. Siku tulifunga ndoa ku kanisa, weye umeisha kuzaliwa, alinibeba ku porte-bagage, nyuma yake, minyi na robe yangu yote, na mafuta ya chaîne ikaingia ku robe mpaka leo.

Uliandika kuchoma. Phébé, chuma haiwake! Nilitosha mipira, nikaweka na petroli kidogo nyuma ya nyumba. Leza wami, Mungu wangu, ile moshi! Nyeusi, inaenda moja kwa moja ku nyumba ya Riziki. Akatokea anakohoa: "Mama Phébé, unachoma shetani ao unachoma nini? Bilamba yangu yote itanuka garage!" Nikamwambia ni mipira ya kinga. Akaniangalia. Akasema: "Kinga ya Ézéchiel? Ile unapangusa sawa mutoto muchanga?" Nikalia pale pale mu moshi, na watu wa avenue bakawaza ni moshi njo inaniliza. Muzuri bawaze vile.

Chuma nilikata na Nicodème, ule mwenye kuleta samaki ya kukauka ya Kinkondja. Alikuya na ufunguo zake. Guidon ya kushika na mikono alibeba, na roues, magurudumu yake, na pédales. Ataweka ku kinga yake, yake ilikuwa karibu kufa. Akaniachia samaki kitunga muzima, sikuweza kula. Cadre, mifupa ya kinga, ilikuwa imepindika ku ile siku babako alianguka ku pont ya muto, Nicodème hakuitaka. Tuliitupa mu cabinet ya zamani, choo ile tulifunga. Mungu anisamehe, ku cabinet!

Njo vile. Lupango imekuwa kubwa. Ukuta iko na alama pale guidon ilikuwa inaegama.

Nimefanya yote uliniambia. Yote.

Mama yako,
Sephora wa Ézéchiel

*

Lubumbashi, 15 Oktoba 1998

Mama Phébé,

Ni minyi Yav, ninaandika mbio ku gare. Barua yako sikumupa Phébé. Nilikuta nyumba imefungwa. Bantu ba sécurité balimukamata siku ine zimepita. Hajapigwa, nilimuona ku dirisha, alinipungia mukono. Barua yake ya kukuya kwako, ile alipitisha ku posta, balifungua njiani, bakaandika maneno yote, bakafunga tena. Sasa banamuuliza kila siku: kinga ni nini? Anajibu: kinga ni kinga ya baba yangu. Banasema kinga ni parti. Banatafuta kule kwenu. Ujikaze, mama.

Yav

*

Kamina, 2 Novemba 1998

Mwana wangu, mama yangu Phébé,

Yav amesema atasimama ku mulango ya bantu ba sécurité na hii barua mpaka bamukamate naye ao baipokee.

Balikuya. Siku ya ine, muchana, na jeep. Kapiteni mumoja, kijana, na askari babili. Riziki alikuwa amekaa ku mulango yake, akaanza kukunja bilamba hata zile hazikufunguliwa.

Kapiteni akaniamkia vizuri: "Jambo, mama. Kinga iko wapi?"

Nikasema: "Imekwisha, papa."

"Imekwisha namna gani? Kinga inaisha?"

"Niliichoma. Ile haikuwaka, nilivunja."

Akaniangalia sawa vile muntu anaangalia mugonjwa. Akatosha karatasi mufukoni, akasoma barua yako yote, na sauti, hapa mu nyumba yangu. Nilisikia haya, mwana wangu, barua yetu mu kinywa ya muntu mwengine. Akasema: "Mama, usinidanganye. Hii kinga inasemwa hapa ni parti."

Nikamwambia: "Papa, minyi sikusoma mingi, lakini kinga ninaijua. Iko na mipira mbili. Kaa, nikuelezee moja moja." Kiti haikukuwa, Riziki aliazima. Nikatosha mutungi ya munkoyo, akakaa pahali pake. Nikamupimia kikombe. Askari nao bakakunywa, jua ilikuwa kali.

Nikamuelezea: mipira ku moshi, guidon na roues ku Kinkondja, ku Nicodème, cadre ku cabinet. Akatuma askari mumoja aangalie mu cabinet na torche. Ule mutoto ya bantu alirudia anashika pua: "Mon capitaine, iko. Cadre ya kinga iko mu ndani." Kapiteni akamuuliza: "Uko sûr?" Akasema: "Mon capitaine, ukitaka uende mwenyewe."

Riziki hakungojea kuitwa. Akaingia: "Kapiteni, uniulize minyi! Mwezi muzima bilamba yangu inanuka mupira, bateja banasema ninauza bitambaa ya garage. Nani atanilipa, serikali?" Nilitaka kumuziba kinywa. Lakini kapiteni alicheka kidogo na mapua. Akaandika mu karatasi yake, akamaliza munkoyo, akasimama, akaniuliza mara ya mwisho: "Mama, uape. Hakuna hata kipande imebakia mu hii lupango?"

Nikaapa. Nikasema hakuna.

Phébé, nilisema bongo, nilimudanganya.

Njo maana ninakuandikia. Siwezi kubeba hii peke yangu, na pasteur ameenda Kabongo. Nilibakisha kengele. Nicodème alipoitosha ku guidon, ililia, ngri, mara moja tu, sawa vile babako alikuwa anapiga akifika ku kona ili niweke mayi ya bukari ku moto. Mukono yangu ikaikamata yenyewe. Niliificha mu kopo ya chumvi. Weye uliandika hata kipande kimoja isibakie, na minyi nikakuandikia nimefanya yote. Ile siku kapiteni yuko hapa, ile kengele ilikuwa hatua mbili na kichwa yake.

Sasa ninajua ni minyi nilikufunga. Banasikia kuko kitu kimebakia, ila habajue ni nini. Kama ni ile njo banatafuta, bakuambie, nitaileta mwenyewe, na miguu, mpaka Lubumbashi. Baichukue. Bakuachilie. Muambie mukubwa wao: mama yangu aliiba kengele, mufunge yeye, anajua kupika, hatawasumbua.

Unisamehe. Sikuweza kengele.

Mama yako,
Sephora wa Ézéchiel

*

Lubumbashi, 6 Desemba 1998

Mama mpendwa,

Niko nyumbani kwangu. Nimeoga, nimekula, nimelala siku mbili. Sijambo, Mama. Soma mstari huu mara nyingi unavyotaka halafu uendelee: sijambo.

Sasa nikuambie namna nilivyotoka. Yav alisimama mlangoni kofia mkononi, na barua zako mbili, ile ya Oktoba na hii ya mwisho. Mkubwa wa pale alikuwa mtu wa makamo, asiyecheka. Rapport ya kapiteni wa Kamina ilikuwa mezani, ya moshi na ya cabinet, lakini alikuwa haiamini. Alisema watu wa parti wanajua kupanga mchezo. Akafungua barua zako mbele yangu. Akanisomea ya kwanza kwa sauti. Akaanza ya pili.

Alipofika kwenye kopo la chumvi aliacha kusoma. Akavua miwani. Nikafikiri nimekwisha. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, Mama, akacheka mpaka akaita wenzake wawili, akawasomea kwa sauti tangu "nilisema bongo" mpaka "anajua kupika". Walicheka. Yeye akasema, si kwangu, kwa ukuta: "Hakuna mtu anayeweza kuitunga hii." Akanipa karatasi nitie saini. Mlangoni akaniita tena: "Mademoiselle. Mwambie mama yako kengele abaki nayo."

Basi baki nayo.

Ulifanya vizuri, Mama, kuliko nilivyoomba. Kinga ilikuwa kinga. Na ninakuomba jambo moja dogo la nyumba: uendelee kuweka mtungi wa munkoyo pale pale ulipokuwa siku zote. Ni pahali pazuri.

Binti yako aliye mzima,
Phébé

*

Kamina, 20 Desemba 1998

Phébé,

Nilisoma mustari mbele ya bantu ba Kipendano bote. Sijambo, sijambo. Bamama bakapiga vigelegele mpaka pasteur akatuambia tuko mu kanisa. Wafwako, Leza, asante Mungu. Nimekula samaki ya Nicodème ile ilibakia, yote, mara moja.

Mutungi iko pahali pake.

Minyi,
Sephora wa Ézéchiel

*

Lubumbashi, 11 Juni 2001

Mama mpendwa,

Umesikia ku radio: parti zimefunguliwa tena. Jana asubuhi nilivunja kufuli lile lenye kutu mimi mwenyewe, na nyundo, wanaume wamesimama wanaangalia. Mende, vumbi, na machine yangu imekosa herufi mbili. Nililia kidogo, nikafagia. Jioni comité ilikaa, ikanichagua secrétaire wa mkoa mzima. Président alisema: "Wengine tulijificha. Huyu alikumbuka majina yetu." Nilikuwa na vumbi puani, nikapiga chafya mbele yao wote.

Na sasa barua hazifungwi na bukari, kwa hiyo nikuambie kweli niliyoiweka karibu miaka mitatu.

Mama, kinga niliyokuandikia uichome haikuwa kinga ya Baba. Ilikuwa mabuku. Yale ya ndani ya malle. Huku wote tulikuwa tunaita parti "kinga", nikafikiri na wewe utaelewa, kwa kuwa ulijua kilicho ndani. Niliogopa askari wakikuta majina elfu na mia mbili ya watu wa Kamina, wangeenda nyumba kwa nyumba. Nilipokamatwa niliamini umeyachoma, na nilikuwa na amani. Kisha mkubwa yule akanisomea barua zako, za mipira na guidon na mtungi, na pale kitini nikaelewa kwamba mabuku yapo mazima. Na kwamba kapiteni alikuwa ameyakalia.

Nimeona haya kukuambia. Uliunguza kinga ya Baba kwa neno langu. Lakini usiseme ni bure. Ungechoma mabuku ningeponea, labda; ila wangeendelea kutafuta kinga. Ile ya chuma iliwapa kitu cha kukuta. Katika Swahili ya vitabu, ile ya watu wa mbali, kinga si baiskeli hata kidogo. Ni kitu kinachosimama mbele yako mabaya yasikufikie. Nililisoma zamani shuleni nikalicheka.

Nahitaji mabuku sasa, ili watu wapate kadi zao upya. Yav anastaafu mwezi ujao. Treni yake ya mwisho inaweza kuyaleta.

Unaweza kunikasirikia. Nastahili.

Phébé

*

Kamina, 1 Julai 2001

Phébé,

Nilikukasirikia siku tatu. Siku ya kwanza nilijifungia mu nyumba. Siku ya pili nilisema na Riziki, akacheka mpaka akakaa chini, akasema: "Basi moshi yangu yote ile ilikuwa ya kosa!" Nikamufukuza. Siku ya tatu alileta mandazi, tukacheka babili.

Lakini usiwaze mama yako alikuwa kipofu. Kinga sikuelewa, ile ni kweli, uliandika kinga na minyi nilijua kinga moja. Malle nilielewa. Kapiteni alipoingia, niliona macho yake inatembea mu kona mu kona. Njo maana nilitosha mutungi na kumukalisha pale. Kiti, ile nilisema Riziki aliazima, ilikuwa mu chumba yangu ya kulala, nilimudanganya na weye mu barua nikakudanganya. Muntu akiisha kukaa ku sanduku, hataomba uifungue. Ataona haya kusimama. Kwa hiyo tusamehane, kila muntu na bongo yake.

Sasa ingine. Jana nilifungua malle. Uliniambia nisifungue, lakini sasa nimechoka kukutii, angalia ile ilifanya. Nilitaka nijue bantu gani nilikuwa ninalalia karibu. Nilifungua ile buku ya 1991, ya kwanza kabisa, nikaweka kidole. Namba moja, pasteur wa zamani. Namba mbili, mwalimu. Ninaenda polepole. Namba saba: Ézéchiel, cheminot, muntu wa train, avenue yetu. Na saini yake ile ya ku karatasi ya mushahara, na ule mukia yake murefu.

Nilitosha miwani nikapangusa, nikarudilia. Ni yeye.

Ule muntu! "Ya kuchora bakuachie weye," na yeye alikuwa ameisha kuandikwa namba saba! Alikuwa anatukana parti hapa ku mulango ili minyi nilale, na kule nyuma yangu anakutilia saini. Na weye ulijua. "Mukono wa Baba umo ndani yake." Niliwaza ni mukono ku guidon. Miaka yote hii minyi peke yangu niliogopa mu hii nyumba, na ninyi babili mulikuwa munanificha sawa batoto na sukari.

Nilicheka, Phébé. Nililia pia, lakini kucheka njo kulikuwa mingi. Niliona sawa vile amerudia, anasukuma kinga ku kona.

Malle itakuya na train ya mwisho ya Yav. Haitakuya peke yake. Nimekata tiketi. Nitakaa juu yake tangu Kamina mpaka Lubumbashi, ninajua kazi ile. Kengele iko mu kitambaa, nitaipiga mbele ya kushuka, utanisikia mbele ya kuniona. Utaifunga ku mulango ya bureau yako mupya, bantu bapige mbele ya kuingia, bajue kuko mukubwa mu ndani.

Na uweke buku wazi ku meza. Ninataka kadi. Usiniulize juu ya politiki, sijue hata sasa, na nitakimbilia mulango tena kila motokari ikisimama. Lakini nimelinda majina ya bantu elfu na mia mbili, na yangu haiko. Ku kazi andika mama wa nyumba. Saini nitaweka minyi mwenyewe, nimejaribu ku karatasi, mukia yangu pia ni murefu.

Namba nane nimeangalia: ni Kapenda, ule mwenye kushona biatu ku soko. Bado ni mzima, nilimuona Siku ya mbili. Minyi ninataka karibu na bwana yangu. Umuombe Kapenda asogee.

Minyi, ninakuya,
Sephora wa Ézéchiel